Mama Katili, kwa Hoja Tano

Ukitaka kumwona Mwantum binti Issa akiwa kazini, nenda mwamba wa Irumbi mapema, kabla jua la Kondoa halijakaza. Utamkuta kwenye kiti cha plastiki chini ya ubao wa serikali, kajifunga kanga, kavaa raba kuukuu za mkwewe, fimbo ya kuonyeshea imelala mapajani. Ana miaka hamsini na minane. Atakuuliza umetoka wapi, atakuandikisha kwenye daftari la wageni, kisha atatangulia kupanda na wewe utabaki nyuma unahema, mtu mzima na afya yako, naye atakungoja juu akikucheka waziwazi. "Huko mjini mnakula nini nyinyi?" Wageni humpenda kwa hilo.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Huko juu kuna pango pana lisilo na kina, na ukutani kuna michoro ya watu wa kale: twiga, nyati, watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Wazungu hupiga picha na kuuliza ni ya miaka mingapi. Wanafunzi huuliza kama itatoka kwenye mtihani. Halafu wako wale wasioandika jina kwenye daftari. Hao huja na mbuzi mweusi, unga na pombe ya uwele, kuomba mvua, kuomba uzazi, kuomba mgonjwa apone. Mwantum huwavua viatu na kuwapokea kama mama yake alivyowapokea. Adhana ikilia bondeni huteremka, akatawadha, akaswali. Shehe aliwahi kumsema hadharani, naye akajibu kwamba Mungu ni mmoja na mwamba ni wake vilevile. Shehe akakata maneno, maana mwaka ule mvua iligoma, na mmoja wa mbuzi waliopandishwa Irumbi alitoka zizini kwa kaka yake shehe.

Nyumbani yuko mumewe, mzee Abubakari, ambaye presha ya macho imemmaliza nuru zote mbili. Ujanani alikuwa mvuvi kule bwawani Mtera. Sasa hukaa barazani na redio yake, na kila Ijumaa baada ya swala huomba dua ndefu. Mpaka mwaka jana aliishi nao mjukuu wao Sabrina, mtoto wa binti yao Rukia, aliyeletwa kwa babu na bibi ili awe karibu na shule.

Ukiwatazama hivyo utasema, wazee wale wametulia. Wametulia wapi! Mwantum alikuwa na jambo tumboni, alilolibeba miaka kumi na saba bila kulitua.

Baada ya Rukia, mimba tatu ziliharibika, kisha Mungu akamjalia mtoto wa kiume, wakamwita Khamisi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili ulipokuja mwaka wa njaa, mtama ukakauka ungali magotini. Abubakari alikuwa Mtera anatafuta riziki, na kwa mchuuzi mmoja wa samaki wakavu alituma maneno: "Mwambie mama Rukia, mtoto akiguswa na homa, zahanati. Asimpandishe mwambani kwa mama yake. Akimpandisha, asiniite mume." Alimjua mkewe, na alimjua zaidi mkwewe.

Homa ikaja. Na Mwantum alikwenda zahanati. Hilo lazima lisemwe hapa, kwa sababu hakuna kitabu kilichoona lina maana. Alitembea saa mbili na mtoto mgongoni, akamkuta tabibu anafunga mlango. Dawa zimekwisha, rudi Jumatatu. Siku hiyo ni Ijumaa. Jumamosi alfajiri mtoto alikuwa anachemka, mwili hauguswi. Angefanya nini? Alimpandisha kwa mama yake. Walimlaza pangoni penye kivuli, wakamnyunyizia maji na unga, bibi akaomba kwa majina yote aliyorithi. Khamisi alilia tangu asubuhi. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa analia kwa mdomo tu, bila sauti, na macho yanamtazama mama yake. Alasiri akakata roho.

Wanawake wale wawili waliteremka na maiti, wakiwa wamekubaliana neno moja. Kesho yake, mtoto akiwa ameshazikwa, Abubakari aliingia na tenga la perege kichwani. Hakuuliza mengi. "Mlimfikisha zahanati?"

"Tulimfikisha," akajibu Mwantum. "Alifia mikononi mwa tabibu."

Abubakari akalia, kisha akashukuru. Alisema bora mtoto alifika mikononi mwa mtu anayejua. Tabibu mwenyewe alihamishwa kabla ya Ramadhani, asiulizwe lolote na yeyote. Na tangu mwaka ule, kila Ijumaa, mzee huyu alikuwa akiinua mikono na kumwombea mtu ambaye hakumgusa mwanawe: "Ewe Mola, mlipe kheri yule tabibu aliyemshika Khamisi wangu." Na Mwantum, pembeni yake, aliitikia amina. Hesabu mwenyewe ni Ijumaa ngapi.

Basi miaka mitatu iliyopita akaja Dokta Nathanaeli Mazengo, Mgogo mmoja mpole, mwalimu wa fasihi kwenye chuo kimoja cha Dodoma mjini. Alikuja peke yake, akaamkia shikamoo kwa kuinama, akaleta sukari na majani ya chai. Alikaa siku tatu. Hakuharakia picha kama wenzake. Aliuliza, akanyamaza, akasubiri. Jamani, mwogope mtu anayejua kusubiri. Siku ya tatu alisema, "Mama, nimesoma vitabu vingi juu ya mateso ya watu, lakini macho yako yana kitu sijakisoma popote." Mama yake Mwantum alikuwa ameshakufa. Hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyejua. Maneno yale yakamfungua kama fundo la kanga.

Lakini Mwantum si mjinga. Irumbi kuna desturi ya kufunga ulimi. Juu ya mwamba kuna shimo dogo linalohifadhi maji ya mvua. Mwenye siri na mwenye kusikia siri wote wawili husukutua maji yale, hutema upande wa machweo, na kuanzia hapo neno ni la mwamba. Atakayelitoa, ulimi unamvimba mpaka unaziba koo. Watu wa pale wameishi na desturi hiyo bila kusikia aliyeivunja, na Mwantum aliiamini kuliko polisi, kuliko mahakama, kuliko mume. Akamwambia Dokta, sukutua. Dokta akasukutua kwa heshima zote, akatema, akafuta ndevu.

Hapo ndipo alipokosea mwanamke huyu, na kosa lenyewe ni la mtu wa Irumbi hasa. Mtu hakumpima. Aliupima mwamba tu, akaona unatosha. Akasema yote: maneno aliyotumiwa na mumewe kutoka Mtera, zahanati iliyofungwa, mtoto aliyelia mpaka sauti ikakauka, uongo, dua za Ijumaa. Dokta alitoa machozi, machozi ya kweli kabisa. Akamshika mikono na kumwambia, "Mama, umetua mzigo." Mwantum aliteremka siku hiyo anajisikia mwepesi, akapika wali siku ambayo si ya sikukuu, mpaka Abubakari akauliza kuna nini.

Mwaka na nusu ukapita. Siku moja likaja basi la wanachuo arobaini, na aliyeshuka mbele yao ni Dokta Nathanaeli mwenyewe, kanenepa, shati jipya. Mwantum alifurahi kama kamwona nduguye. Akawapandisha, akawaonyesha twiga, akawaonyesha nyati. Alipofika mahali pa kupumzika, msichana mmoja aitwaye Gladness, miwani na daftari mkononi, akauliza kwa adabu, "Samahani mama, ni hapa hapa ndipo yule mama alipomtoa mwanawe kafara ili mvua inyeshe?"

"Mama yupi?"

"Wa kwenye kitabu cha Dokta."

Wakamweleza wote kwa pamoja, kwa furaha ya watu waliosoma walichoagizwa kusoma. Kwenye kitabu yuko mwanamke wa milimani, mlinzi wa mwamba. Mume yuko bwawani. Ukame umekaza. Mwanamke anampandisha mwanawe wa pekee mwambani, anamlaza chini ya michoro, anamtoa kwa mizimu. Mtoto halii. Anautazama ukuta, anatabasamu kwa twiga, anazima. Mvua inamnyeshea mama kichwani. Kisha anateremka kumdanganya mumewe kwamba mtoto amefia zahanati, na mume maskini anamwombea dua tabibu maisha yake yote. "Mimi nililia mama, wallahi," alisema Gladness. Mwenzake mmoja akalala chali pale penye kivuli, mikono kifuani, apigwe picha. Wakacheka. Wakamwambia atabasamu kidogo, mtoto alitabasamu.

Mwantum alimvuta Dokta kando. Kwanza alimtazama mdomo. Ulimi ulikuwa mzima, meno yamesafishwa.

"Mwanangu, ulisukutua."

"Mama, tulia." Dokta alishusha sauti kama anayembembeleza mtoto. "Hii ni kazi ya kubuni. Huyo si wewe."

"Kama si mimi, hawa umewaleta kwa nani?"

Dokta akatazama saa. "Jina lako sijaliweka. Kijiji sijakitaja."

"Na kafara umeitoa wapi? Mimi nilimtoa mwanangu kafara? Nilikwambia nilikwenda zahanati. Nilikwambia alilia."

Na hapa sikilizeni jibu la msomi. "Mama Mwantum, niseme ukweli. Mtoto kufa kwa homa na zahanati haina dawa, hiyo msomaji ameshaichoka. Watoto wa homa ni wengi mno. Nilihitaji mgogoro. Na kile kilio... kilio kinatoa machozi ya bei rahisi. Mtoto anayetabasamu ndiye anayeuma." Akampa nakala moja aliyoitia saini, na vitenge viwili. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeshapata tuzo. Mwantum alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, akasubiri siku nyingi habari ya kuvimba kwa ulimi wa mtu huko Dodoma. Haikuja. Mara ya kwanza mwamba ulimnyima mtoto, mara ya pili ukamnyima hata kisasi, na bado kesho yake alipanda kuufagia.

Kilichobaki ni kimoja tu, nacho ndicho kilichomkosesha usingizi: Abubakari asijue. Aliichoma ile nakala kwenye mafiga, ukurasa kwa ukurasa, huku ugali unapikwa. Mume hana macho, vitabu haviingii nyumba ile, nani atamwambia? Alijifariji hivyo miezi kadhaa. Mungu hakupenda. Mwaka jana kitabu kikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi kwa shule ya Sabrina, kidato cha nne, na Jumatatu moja binti akaingia nacho mkononi, kimefunikwa kwa karatasi ya gazeti.

"Babu, tumepewa riwaya mpya. Habari zake za hukuhuku kwetu!"

"Ehe! Nisomee, mjukuu wangu. Redio hii imekwisha betri na maneno."

Mwantum alikificha kitabu siku hiyohiyo, akakizika kwenye gunia la alizeti. Sabrina alifika shuleni bila kitabu, akapigwa fimbo na kuambiwa mzazi wake akilipe. Jioni akarudi amevimba viganja, anatafuta chini ya kitanda akilia. Bibi mtu akaona viganja vile. Akaenda kwenye gunia, akakitoa, akasema panya wamekiburuta. Aibu gani hii, kumpigisha mtoto wa watu kwa dhambi yako!

Akajaribu njia nyingine. "Kasomee kwa wenzako, babu yako anachoka."

"Nani kachoka?" mzee akadakia barazani. "Kaa hapa, soma."

Basi ikawa kila alasiri, Sabrina anasoma, mzee kaegemea nguzo, Mwantum anachambua mlenda. Abubakari alikipenda kitabu kile. Alimwonea huruma sana yule mume wa bwawani. Kila alipodanganywa katika sura zile za mwanzo, mzee alisonya. "Masikini mwanaume yule! Analala na nyoka hajui. Mama Rukia, unasikia mambo hayo? Mwanamke kama huyu angekuwa wangu, sijui ningemfanyaje." Mwantum akasema hasikii vizuri, maji yanachemka. Siku tatu alizisikiliza sifa zake mwenyewe kwa mdomo wa mumewe, na kila siku akapiga hesabu kurasa ngapi zimebaki na mzee hajatambua. Majina ni mengine. Mahali hapakutajwa. Huenda Mungu akamfunika. Sabrina alisoma kwa madoido, akibadilisha sauti, maana mwalimu wao Tumsifu aliwafundisha hivyo.

Siku ya nne Sabrina alifika pale mume anapotuma ujumbe kwa mchuuzi wa samaki. Akasoma: "Mtoto akiguswa na homa, zahanati. Asimpandishe mwambani kwa mama yake. Akimpandisha, asiniite mume."

Mzee akaacha kuegemea nguzo.

"Rudia hapo."

Sabrina akarudia.

"Tena."

Akarudia tena. Maneno yale aliyatunga Abubakari mwenyewe akiwa amesimama kwenye matope ya Mtera, na aliyeyapokea ni mtu mmoja tu duniani. Dokta alibadilisha majina yote, akaigeuza zahanati kuwa mapambo, akakiua kilio, lakini maneno yale aliyaona matamu, akayaacha kama yalivyo.

"Mama Rukia."

"Abee."

"Yule tabibu aliitwa nani?"

Mwantum alikuwa amemwombea mtu huyo karibu miaka ishirini, na hakuwahi kulijua jina lake. Mlenda ukamdondoka. Sabrina akamtazama bibi, akamtazama babu, akafunga kitabu. "Fungua," alisema mzee. "Malizia." Na binti akamalizia sura ile, kafara, tabasamu, mvua na yote, sauti yake ikipungua mpaka ikawa ya kunong'ona.

Sabrina alipokwenda ndani, Mwantum alipiga magoti mbele ya mumewe, jambo asilolifanya hata siku ya ndoa. Akasema yote upya, kwa mpangilio wake wa kweli. Alisema Ijumaa, alisema mlango uliofungwa, alisema homa. "Uongo ni wangu, baba Rukia, sikatai. Nilikuvunjia neno lako, sikatai. Lakini kafara sikutoa. Nilimpandisha apone. Alilia siku nzima, alilia mpaka—"

"Kitabu kinasema hakulia."

"Kitabu kinasema uongo!"

Abubakari akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Wewe umenidanganya miaka ishirini. Kitabu kimenidanganya lini?"

Ijumaa ile dua ya tabibu haikuombwa. Mwantum alingoja talaka. Alikunja nguo zake, akamwita Rukia kutoka Babati. Rukia alikuja, akakaa na baba yake, akarudi kwa mama na uso uliopauka. Alimwambia baba amesema hivi: "Talaka? Nimpe talaka akapumzike?"

Kuanzia hapo wakawa na ratiba. Chakula kililiwa, salamu zilitolewa, na kila alasiri mzee alimwita mjukuu. "Soma pale." Pale ni pale pango, kurasa nne. Mwantum akiinuka kwenda jikoni, mzee huita, wala haongezi sauti: "Kaa, mama Rukia. Hadithi ni yako." Sabrina aliomba wasome kingine. Mzee akamwambia si una mtihani? Basi soma.

Sabrina alikuwa ameshajua, mtoto gani wa miaka kumi na saba asingejua? Alianza kumkwepa bibi yake machoni. Siku moja Mwantum alimfulia sare, akakuta daftari la fasihi limefunguka kitandani. Yeye anasoma vizuri, alijifunza elimu ya watu wazima, na ndiyo maana serikali ikamwachia daftari la wageni. Akasoma swali la mwalimu Tumsifu: Mama ni mhusika katili. Thibitisha kwa hoja tano. Chini yake mwandiko mzuri wa mjukuu wake umejipanga. Mama ni katili kwa kuwa amemtoa mwanawe kafara. Mama ni katili kwa kuwa hakumpeleka mtoto zahanati. Mama ni katili kwa kuwa hakumwonea mtoto huruma. Akazisoma mpaka ya tano. Kumi na saba kwa ishirini, na kwa kalamu nyekundu: Vizuri sana, ongeza mifano kutoka jamii yako.

Sabrina akamkuta amekaa na daftari mapajani.

"Bibi, ni swali la mtihani tu."

"Hoja ya pili si kweli, Sabrina. Nilikwenda zahanati."

Binti akalia. "Najua bibi. Umeniambia, nakuamini, wallahi nakuamini. Lakini nikiandika hivyo sipati maksi. Kitabuni haipo."

Mwantum akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, akamwambia aandike ya kitabuni, afaulu, aondoke. Na alimaanisha. Huyu ndiye mtu pekee aliyemwamini, na alimtuma mwenyewe akatoe ushahidi dhidi yake mbele ya serikali. Mtihani wa fasihi ulifanyika Novemba. Sabrina alirudi, hakusema nini kimeulizwa, na bibi hakuuliza.

Siku ya kurudisha vitabu shuleni, Mwantum alimsindikiza mjukuu hadi barabarani. Alitaka kukiona kitabu kile kikiondoka kwa macho yake. Jumamosi Sabrina akapanda basi kwenda kwa mama yake Babati. Alasiri ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, baraza lilikuwa kimya. Mzee aliegemea nguzo. Mwantum alisuka mkeka, akathubutu hata kuimba kidogo kooni. Labda imekwisha, alijiambia. Mtu hawezi kuchukia bila karatasi.

Jumanne ikasimama fuso ya Mustapha, yule mfanyabiashara anayepeleka alizeti Majengo, Dodoma mjini. Mustapha akashuka na kifurushi. "Mzee Abubakari, mzigo wako huu. Nimekizungukia Majengo yote, nikaja kukipata kwenye meza ya vitabu pale karibu na stendi. Ulivyonisisitiza, nikajua ni Msahafu, kumbe hadithi!" Akacheka, akampa mkononi. Kumbe mzee alishauza beberu wake wa pekee, na mtu wa nyumbani asijue.

Abubakari alikipapasa kitabu jalada na mgongo, akakinusa. Kilikuwa kipya. Alisubiri lori liondoke na vumbi litulie.

"Mama Rukia. Njoo usome."

"Sisomi."

"Sawa." Hakukasirika hata kidogo. "Nitaomba mtoto wa jirani. Wapo wengi wanaojua kusoma kijiji hiki. Tena wana masikio, na wana mama zao."

Mwantum akaelewa. Akasogeza mkeka, akakaa karibu na miguu ya mumewe, akafungua kurasa zile nne. Hazikumpa taabu kuzitafuta. Akasoma jinsi mwanamke wa milimani alivyopanda, jinsi alivyomlaza mwanawe chini ya michoro. Akafika kwenye mstari wa mtoto. Mzee haoni. Sabrina hayupo. Hapakuwa na shahidi ila yeye na karatasi, na kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Mtoto alilia," akasoma. "Alilia tangu asubuhi, mpaka sauti ikamkauka."

"Hapo umekosea," alisema Abubakari taratibu. "Rudia."

"Mtoto alilia, baba Rukia. Mwanao alilia."

"Rudia kama ilivyoandikwa."

Kuku wakapita kwenye mkeka, hakuna aliyewafukuza. Mwantum aliinamia kitabu, machozi yanadondoka juu ya herufi, akasoma.

"Mtoto hakulia. Aliutazama ukuta, akatabasamu."

"Ehe," alisema mzee, akaegemea nguzo. "Endelea."